Kadi ya Sauti Iliyofuliwa

Kadi ya sauti ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ni ala ya muziki. Nalisema mapema kwa kuwa nyumbani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, kila mtu aliiona kuwa kitu kingine, na humo ndimo kisa chote kilimozaliwa. Mume wangu, aliyeinunua Dar es Salaam, aliiona zawadi kwa mkewe. Wifi yangu aliiona chuma chakavu. Binti yetu aliiona mlango wa michezo ya zamani niliyokuwa nikimsimulia. Mama mkwe aliiona uchafu uliowekwa juu ya meza ya chakula.

Kuhusu uchafu alisema kweli. Ilikuwa Sound Blaster Pro, toleo la pili, iliyochomolewa kutoka lundo la vipuri huko Gerezani, Dar es Salaam. Vumbi lilikuwa limegandana na mafuta katikati ya miguu ya chipu. Bati la nyuma, lenye matundu ya spika na maikrofoni, lilikuwa limeota kutu. Yale meno ya dhahabu yanayoingia kwenye bodi ya kompyuta yalikuwa na utando wa kijani, na kijani hicho ni shaba inayoliwa. Chumvi ya hewa ya pwani hupenya hata pale dhahabu ilipokwanguka kidogo tu, ikakutana na shaba iliyo chini yake. Kifaa kilichokaa miaka kando ya bahari hujulikana kwa rangi hiyo.

Lakini katikati ya uchafu ule niliisoma namba niliyokuwa nikiitafuta: YMF262, na jina la Yamaha.

Kabla ya mwaka 1987 kompyuta nyingi za ukoo wa IBM zilikuwa na kispika kimoja kilichojua kulia tu. Mwaka huo kampuni ya AdLib ya Quebec, Kanada, ikatoa kadi iliyobeba chipu ya Yamaha, YM3812, na mchezo wa kompyuta ukapata bendi ya sauti tisa. Mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapore, chini ya mwanzilishi wake Sim Wong Hoo, ikatoa Sound Blaster: chipu ileile ya muziki, na pembeni yake njia ya pili ya kupitisha sauti zilizorekodiwa, kama vile maneno, milio na vishindo. Sound Blaster Pro ikafuata mwaka 1991. Toleo lake la kwanza lilikuwa na chipu mbili za YM3812, moja kwa kila sikio. Toleo la pili liliweka YMF262 moja yenye sauti 18 na maumbo manane ya mawimbi.

Ndani ya chipu hiyo hakuna rekodi hata moja. Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, John Chowning aligundua kwamba wimbi la sauti likitikiswa na wimbi jingine kwa kasi kubwa, sikio halisikii tena sauti inayoyumba. Linasikia sauti mpya kabisa, iwe ya kengele, ya tarumbeta au ya ngozi iliyowambwa, kutegemea nani anamtikisa nani na kwa nguvu gani. Yamaha walinunua haki ya kuitumia mbinu hiyo, wakaitia katika kinanda chao mashuhuri cha DX7 mwaka 1983, kisha wakaibana ndani ya vijichipu vya bei nafuu. Kwa hiyo kadi yangu ilipolia zamani katika nyumba ya mtu nisiyemjua, haikuwa inakumbuka muziki. Ilikuwa inaupiga, papo hapo. Siku hizi zipo programu zinazoiiga YMF262 kwa usahihi mkubwa sana, nami nazisifu na kuzitumia shuleni ninakofundisha. Hata hivyo, zeze lililo mkononi lina haki yake ya kupigwa, na nilitaka kulipiga.

Nilikuwa na mpango. Kwanza macho, kisha mita, kisha kusafisha, umeme mwisho kabisa. Niliilaza kadi juu ya gazeti, nikaenda kazini.

Niliporudi nilimkuta mama mkwe barazani anachambua mchicha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na kazi. Kile kidude chako nimekisafisha, kilikuwa kinatia kinyaa mezani. Kipo uani, kwenye uchanja."

Kilikuwepo kweli. Kadi ilisimama baina ya sufuria ya ubwabwa na mwiko, imefuliwa kwa sabuni ya unga na mswaki mkuukuu, inang'aa, inachuruzika maji. Binti yangu alikuwa kando yake, mikono kichwani, macho yamejaa. Mume wangu alisimama mlangoni, mama yake huku na mkewe kule, akiwa hajui amwangalie nani.

"Ahsante sana mama," nikasema. Wifi alidhani ni adabu ya ukwe. Nusu yake ilikuwa hivyo. Nusu ya pili ilikuwa shukrani ya kweli, na hapa ndipo watu wengi wanaopenda vifaa vya kale hubishana nami.

Maji hayaui bodi ya umeme. Kinachoua ni maji na umeme kukutana, au maji kuachwa yakaganda humo pamoja na vilivyomo ndani yake. Viwandani bodi nyingi zilikuwa zikioshwa baada ya kutiwa solda, ili kuondoa mabaki ya dawa ya kusolda. Na kuna jambo ambalo spiriti, kipenzi cha mafundi, haiwezi: chumvi haiyeyuki vizuri ndani yake. Ukipangusa kadi ya pwani kwa spiriti peke yake, unaondoa mafuta na kuisogeza chumvi kutoka pembe moja kwenda nyingine. Chumvi huondolewa na maji. Mama mkwe, aliyekulia kwenye nyumba ya wavuvi na kuosha vyombo vya bahari tangu utotoni, alichagua dawa sahihi kwa ugonjwa uliokuwepo.

Tatizo lilikuwa maji yenyewe. Kisima chetu cha uani kina chumvi chumvi, na unga wa sabuni nao una magadi. Kadi ikikauka vile ilivyo, tungekuwa tumetoa chumvi ya zamani na kuweka mpya, chini ya chipu kabisa ambako mswaki haufiki. Ilibidi isuuzwe kabla haijakauka, na isuuzwe kwa maji yaliyokenekwa, yasiyo na kitu ndani yake.

"Nenda kwenye duka la vipuri vya magari," nilimwambia mume wangu, "ulete maji ya betri. Soma lebo kwanza. Asidi ya betri nayo wapo wanaoiita maji."

Alikwenda mbio, nadhani kwa furaha ya kupata sababu ya kutoka. Yeyote atakayefuata njia hii na alisikie agizo hilo mara mbili, maana asidi ya betri inaunguza ngozi na macho, na kadi yenyewe isingebaki.

Tuliisuuza kwa chupa nzima, nikiipindua huku na huku ili maji yapite chini ya kila chipu. Kisha nikaimwagia spiriti ya isopropili niliyoipata kwa fundi simu wa mtaa wa pili. Nilimwomba ile safi anayosafishia bodi za simu. Spiriti ya duka la dawa huwa imechanganywa na maji mengi, na kazi ya isopropili hapa ilikuwa kuyafukuza maji yaliyojificha na kupaa nayo. Wasiwasi wangu mkubwa ulikuwa kwenye kile kigurudumu cha kuongeza na kupunguza sauti kilicho kwenye bati la nyuma. Ndani yake mna njia ya kaboni na kijiguu kinachoteleza juu yake, na maji yakiingia humo hayatoki kwa haraka. Nilikimwagia, nikakizungusha, nikakimwagia tena.

Kisha kukausha, na ilikuwa masika. Jua lilichungulia na kujificha, nguo zilinuka uvundo kwenye kamba. Niliisimamisha kadi mezani mbele ya feni chumbani kwetu na kuitangazia nyumba nzima kwamba isiguswe. Jioni umeme ukakatika mtaa mzima, feni ikanyamaza.

Wifi ana moyo wa huruma. Aliona feni imesimama, akakumbuka simu yake iliyotumbukia chooni na kuzikwa kwenye mchele, akaichukua kadi na kuizika kwenye ndoo ya mchele wa nyumba. Alfajiri nilipoamka nikakuta meza tupu.

"Nimeiokoa, wifi yangu," akaniambia, akifukua.

Mchele hauvuti unyevu kuliko hewa inayotembea, na badala yake hutoa vumbi la wanga linalonata kwenye kila kitu chenye unyevu. Nilimshukuru, nikaitoa, nikaipiga mswaki mkavu, nikaichomoa punje moja iliyokwama kwenye tundu la maikrofoni. Umeme ulikuwa umerudi. Kadi ikarudi mbele ya feni na kukaa hapo hadi nilipoinusa na kukosa hata harufu ya isopropili.

Mita ikafuata. Kwenye upande wa solda, meno huhesabiwa kuanzia kwenye bati la nyuma: la kwanza ni ardhi, la tatu ni volti 5, la tisa ni volti 12. Unapima kati ya ardhi na kila moja ya hizo mbili. Mita ikilia na kuonyesha njia wazi kabisa, usiichomeke kadi hiyo popote. Kadi za zama zile mara nyingi zina kapasita za tantalamu, matone madogo ya rangi, ambazo zikizeeka huweza kuungana ndani kwa ndani na kuripuka zikipewa umeme. Yangu haikuwa na njia wazi. Meno niliyasugua kwa kifutio cheupe laini cha binti yangu, kwa urefu wa jino, bila kukazana, kisha nikapangusa kwa isopropili. Kijani kilikuwa kimeondoka chote. Kilichobaki ni vidoa vichache vya shaba na dhahabu yenye afya.

Tuliichomeka kwenye Pentium kuukuu isiyo na kitu cha kupoteza. Mashine ya majaribio iwe ile ambayo hata ikifa hakuna atakayelia. Sebuleni wakajaa wote, mama mkwe kwenye kiti chake, wifi amesimama nyuma ya mlango kwa hofu ya moshi. Niliwasha. Hakuna moshi wala harufu. Mashine ikaamka kwenye MS-DOS.

Nilianza na muziki, na sababu yake ni hii: nusu ya muziki ya kadi hizi haihitaji mpango wowote na kompyuta. Chipu ya Yamaha hukaa kwenye anwani ya 388, anwani iliyorithiwa kutoka AdLib, na programu huiandikia noti moja kwa moja. Hata kadi iliyokosewa mipangilio yote mingine huimba.

Ikaimba. Sauti ilitoka kwenye spika ndogo za kawaida zisizo na umeme wake, kwa kuwa kadi ina kikuza sauti chake ndani, na ilikuwa sauti ile ile: besi yenye kwikwi, kengele yenye makali ya chuma, tarumbeta ambayo hakuna tarumbeta duniani iliyo hivyo na bado unaijua kuwa ni tarumbeta. Machozi yalinitoka. Binti yangu akanishika mkono.

Mjomba, kaka yake mama mkwe, alikuwa anaingia kutoka msikitini. Alisimama kizingitini, kofia mkononi.

"Nani anapiga Yamaha humu ndani?"

Mjomba alipiga kinanda kwenye taarabu za harusi kwa miaka mingi. Alikulia katika mji wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, akishuhudia magitaa yakipokewa na vinanda vya umeme, na vinanda vidogo vingi vya Yamaha vya miaka ya 1980 vilitumia mbinu hiyohiyo ya wimbi kutikisa wimbi. Hakuhitaji kuelezwa chochote kuhusu Stanford. Alikaa sakafuni mbele ya kompyuta, akafumba macho, akaanza kunitajia kila sauti inayopita: hii filimbi, hii vibes, hii besi namba mbili. Katika wote waliokuwemo, ndiye wa kwanza kuiona kadi kuwa kile nilichokiona mimi.

Kisha binti yangu akaomba Doom, mchezo uliotoka Desemba 1993. Muziki ukapiga vizuri. Mlango ukafunguka kimya. Bunduki ikafyatuka kimya. Mazimwi yakaanguka bila hata kuguna.

"Ni yale maji," akasema wifi kutoka nyuma ya mlango.

"Maji gani?" mama mkwe akageuka. "Ni ule mchele wako. Nani kakwambia chuma kinakula mchele?"

Chakula cha usiku kilikuwa kizito. Wifi alipakua kwa kelele, mama mkwe akala kidogo na kusema ameshiba. Mume wangu alizungumzia mpira, hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa nafikiri, na jambo moja lilinituliza: kama maji au wanga ungeiharibu kadi, usingechagua milio ya bunduki na kuacha muziki. Nusu moja nzima na nusu moja bubu maana yake ni mpangilio.

Nilimweleza binti yangu hivi tukiosha vyombo. Sauti zilizorekodiwa ni nyingi mno kwa kompyuta kuzipeleka moja moja, kwa hiyo huteka maji kwenye ndoo na kuiweka karibu na kadi, na kadi huchota yenyewe kupitia laini ya DMA. Ndoo ikiisha, kadi hugonga mlango: lete nyingine. Kugonga huko ndiko IRQ. Kadi isiyogonga mlango haitaletewa maji, nayo itakaa kimya. Na kwenye Sound Blaster Pro, mlango wa kugonga huchaguliwa kwa jampa, kile kifuniko kidogo cheusi chenye chuma ndani kinachovishwa pini mbili.

Tulienda na tochi. Safu ya pini za IRQ ilikuwa na nafasi nne: 2, 5, 7 na 10. Zote zilikuwa uchi.

"Jampa imekwenda wapi?" binti yangu akauliza kwa sauti kubwa.

Kutoka chumbani kwake mama mkwe akaita, "Ni nini hicho kilichopotea?"

"Kitu cheusi, bibi, kidogo mno, ndani kinang'aa."

Kimya. Kisha kitanda kikalia na mama mkwe akatokea, khanga begani. Mchana wakati wa kuchagua mchele alikuwa ameona kwenye ungo kidude cheusi, akadhani ni mdudu, akakitupa kwa kuku.

Wifi aliketi chini. Ndiye aliyeizika kadi kwenye mchele, mama yake ndiye aliyekitupa, na sasa hapakuwa na wa kumlaumu mwenzake. Watu wawili waliokuwa hawasemezani walichukua tochi moja, wakainama uani usiku ule pamoja na watoto, wakipekua makapi na vinyesi vya kuku. Hawakuipata, lakini waliporudi ndani walikuwa wakicheka.

Jampa za zama zile, kwa bahati njema, mara nyingi ni za kipimo kimoja. Diski kuu za zamani zilikuwa nazo nyuma, za kuamua ipi iwe bwana na ipi mtumwa. Nilikuwa na diski mfu kabatini, nikaichomoa yake. Niliivisha kwenye namba 5 badala ya 7, kwa sababu 7 kwa desturi ni ya mashine ya kuchapa na mashine yangu inayo. Kisha kompyuta lazima iambiwe ilipo kadi, kwa mstari mmoja unaosomwa kila inapowaka: SET BLASTER=A220 I5 D1 T4. Anwani 220, IRQ 5, DMA 1, na T4 ndiyo Sound Blaster Pro ya toleo la pili. Mstari huo lazima ulingane na jampa zilivyo. Kadi hizi hazijui kujitambulisha.

Mlango wa kwanza ulipofunguka kwa mngurumo, mama mkwe alishtuka hadi akasimama.

"Audhubillahi! Ndicho nilichokiosha mimi hiki?"

"Ndicho, mama."

Aliketi tena, akajitengeza khanga, akaagiza sauti iongezwe. Nilipokizungusha kigurudumu kikakwaruza vibaya. Nilikipulizia dawa ya kusafishia viunganishi na kukizungusha mwanzo hadi mwisho, mara nyingi, mpaka njia ya kaboni ikasafika na mkwaruzo ukaisha.

Kilichobaki ni sikio la kushoto. Lilikuwa hafifu, besi yake nyembamba, na hilo sabuni wala mchele havihusiki nalo. Kapasita za majimaji zinazopitisha sauti kwenda kwenye spika hukauka baada ya miaka thelathini, na ikikauka ya upande mmoja, besi ndiyo hutangulia kupotea. Niliipeleka kwa fundi redio, mzee mwenye mkono usiotetemeka, tukabadilisha za pande zote mbili ili zilingane. Aliuangalia kila mstari unaoonyesha mguu wa hasi kabla ya kugusa solda, akaniuliza ni nani aliyeisafisha bodi vizuri hivi. Nilimtajia. Akasema amwone siku moja, ana redio yake iliyotoka Pemba.

Sasa mjomba ana ombi lake. Kwenye bati la nyuma kuna tundu pana la pini 15, la fimbo ya michezo, na kupitia humo humo hupita MIDI, lugha ambayo vinanda huzungumza na kompyuta. Kwa kebo inayofaa na programu ndogo, noti atakazozipiga kwenye kinanda chake zinaweza kuingia ndani na kuimbwa na YMF262. Kebo hizo si waya mtupu, zina vijisehemu vya kutenganisha umeme wa pande mbili, na mafundi wanaozitengeneza vizuri ni wachache. Fundi redio amekubali kujaribu. Mjomba ameshaleta kinanda, kimefungwa kwenye kitambaa, kiko juu ya meza ya chakula.

Mama mkwe amekiangalia, na ameuliza kama kinaingia maji.